Mstari wa Manjano

Blanketi lilirudi siku ya Alhamisi, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka wa hamsini na saba, limefuliwa, limekunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Martine ndiye aliyelipandisha kutoka sokoni Kadutu, amelikumbatia kifuani, na alipofika kwa Godelive hakupiga hodi. Alisimama tu mlangoni. Sasa, Martine ni mwanamke ambaye hodi yake husikika mpaka ng'ambo ya bonde. Godelive alipomwona amesimama kimya, aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Nani anakutuma hivi?"

"Shofere moja wa kamyo, Cyprien. Anatoka Kamituga. Anasema: hii ni ya Stanislas, pelekea muke wake. Hakukaa, anakwenda Uvira."

"Na kisha anasema nini?"

"Hakuna. Nilimuuliza. Anaangalia chini, anapanda kamyo yake."

Mtu wa mbali angesema, blanketi limerudi, basi, lianikwe. Lakini wake wa wachimbaji wa dhahabu walijua jambo ambalo hakuna aliyewafundisha darasani. Mtu akifia kule mgodini Kamituga, wenzake wa kambi hufua kile alichokuwa akilalia, hukikunja mara nne, hukifunga kwa kamba ya mgomba na kukitia katika lori la kwanza linaloelekea kwao. Karatasi ya ofisi huja baadaye na muhuri wake, baada ya mwezi au miezi miwili. Blanketi hutangulia.

Mama Cibalonza, mzazi wake Stanislas, alikuwa barazani akichambua maharage. Aliinua macho, akaona ile kamba, akaona ule mkunjo. Ungo ulimtoka mapajani.

"Yoo, mwana wani!" alilia kwa Kishi chake, akimwita mwanawe. "Yoo, mwana wani!"

Habari mbaya ikiingia nyumbani kila mtu ana lake la kufanya. Kuna wanaoanguka, kuna wanaokimbia ovyo njiani. Godelive alihesabu. Alikata kamba, akalitandaza blanketi kitandani, akaanza kuhesabu mistari kutoka juu kwenda chini, kama alivyofanya kila mwaka. Ilipaswa kuwa sita. Alipata saba. Akarudia kutoka chini kwenda juu, maana labda machozi ya mama mkwe yalikuwa yanamchanganya. Saba.

Alikaa kitandani. Huko nje kilio kilikuwa kimeshapanda mlima, na majirani walikuwa wanafunga milango yao ili waje.

Ili ueleweke mkanganyiko wa Godelive, lazima kwanza ulijue blanketi lenyewe. Lilianza mwaka wa hamsini na moja, wakati mji ukiitwa bado Costermansville kwenye karatasi za wazungu. Godelive alikuwa akihudhuria foyer social, pale ambapo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kuogesha watoto, na kupika supu fulani ambayo hakuna mume aliyewahi kuila mara mbili. Mademoiselle Camille, mwalimu wao, aliwafundisha pia kufuma kwa kroshe, ile sindano moja yenye ncha iliyopinda. Walifumua majaketi ya sufu yaliyochakaa, wakafua uzi, wakaunyoosha, wakafuma vipande vya mraba vilivyotosha kiganja. Wengine walifuma vipande vya kila umbo ila mraba. Vya Godelive ungefikiri vimepigwa pasi. Mademoiselle alivipitisha darasani mkono kwa mkono, na wanawake wenzake walimchukia kidogo kwa siku mbili tatu, kama inavyostahili.

Mwaka huohuo Stanislas akaenda Kamituga. Yeye alijua kusoma, mkewe hakujua. Barua yake ya kwanza ilisomwa na Marcellin, katekista wa mtaa, mtu mwema ambaye hajui kusoma kitu chochote isipokuwa kwa sauti ya misa. Stanislas alikuwa ameandika kwamba baridi ya kule ilimfanya aukumbuke sana mgongo wa mkewe. Mtaa mzima ulisikia. Kwa mwezi mmoja Godelive hakuweza kwenda kuchota maji bila mtu kumwuliza mgongo hajambo.

Stanislas aliporudi likizo, alimwambia, "Barua, hapana tena. Barua inasomwa na batu bote. Tutafute kitu utaandika weye mwenyewe na mi nitasoma mwenyewe."

Ndivyo walivyopatana. Kila mwaka alipokuja likizo alikuja na blanketi, na Godelive aliliongezea mstari mmoja wa vipande tisa. Buluu ilikuwa siku za kawaida, Mungu azidishe. Kijani ilikuwa shamba limezaa. Kahawia ilikuwa ugonjwa. Manjano ilikuwa mtoto kazaliwa, na nyeupe ilikuwa mtoto kaondoka. Mstari wa kwanza ulimfunika Stanislas magoti tu, akachekwa kambini. Mwaka wa sita lilikuwa limefika kifuani, wala hakuna tena aliyecheka, maana usiku wa Kamituga una baridi yake. Katika mstari wa nne kulikuwa na kipande cha manjano na cheupe vimekaa bega kwa bega. Huyo ni mtoto wa mvua moja tu. Stanislas aliwahi kumwambia mkewe kwamba akilala gizani mkono wake huenda pale wenyewe, bila kutumwa.

Hilo ndilo blanketi. Na sasa lilikuwa na mstari wa saba ambao Godelive hakuufuma.

Alasiri ile uwanja ulikuwa umejaa. Matanga yalianza bila mtu kuyatangaza: wanawake kwenye mikeka, wanaume upande wa mgomba na mitungi yao ya kasiksi, pombe ya ndizi, Marcellin akiongoza rozari. Rosalie, binti mkubwa, na mdogo wake walichukuliwa na jirani. Godelive aliwekwa katikati ya wanawake, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Martine alimvuta hadi jikoni.

"Maman Rosalie, lia kidogo. Batu banakuangalia."

"Nilie juu ya nini? Juu alikufa, ao juu alioa?"

"Nani alioa?"

Godelive alikuwa amelificha blanketi ndani ya kapu la sombe, majani ya mihogo. Alilitoa, akamwonyesha ule mstari. Vilikuwa vipande tisa, vyote vya manjano. Vimepindapinda, kingine kikubwa, kingine kidogo, na cha tatu kilikuwa na pembe tano. Martine aliijua lugha ya lile blanketi. Marafiki wa kweli hawafichani mambo kama hayo.

"Manjano ni mutoto," alisema Martine polepole.

"Hesabu."

Martine alihesabu kwa kidole. Kisha akahesabu tena, na safari hii midomo yake ilikuwa inacheza.

"Batoto tisa? Mwaka moja?"

"Njo nakuuliza weye."

"Hapana, Maman Rosalie. Mbwa njo anazala tisa. Huyu ni mwanamuke anaona tu rangi nzuri, anajaza. Hajui anasema nini."

"Kwa hiyo iko mwanamuke."

Martine aligundua alichokisema, akaziba mdomo. Lakini maji yalishamwagika. Godelive akaendelea mwenyewe, maana tangu asubuhi alikuwa hafanyi kitu kingine kichwani.

"Angalia inazunguka wapi. Ya kwangu inazunguka hivi. Hii inazunguka kinyume. Ni mutu wa mukono wa kushoto. Stanislas iko wa kuume kabisa, hata kikombe hashike na kushoto. Na nusa. Si tumbako yake, si jasho yake. Ni sabuni gani hii?"

Martine alinusa. Ilikuwa harufu kali, safi, ya kuchoma pua. Hakuijua.

"Ni sabuni ya mutu mwenye kujipenda," alisema hatimaye, na kwa kweli afadhali angenyamaza.

Godelive hakujua ashike lipi. Akishika kwamba mumewe amekufa, vipande tisa vinamkatalia, kwani maiti hafumi. Akishika kwamba yu hai na ana mke mwingine, kamba ya mgomba inamkatalia, kwani mtu aliye hai harudishi blanketi lake wakati wa baridi ya kiangazi, tena amelikunja kama la marehemu. Au mke huyo ndiye aliyelirudisha, baada ya kumzika? Basi amelia kabla yake, amemwosha kabla yake, halafu akamtumia majivuno ya manjano. Kila alipofikia mahali pa kutoa chozi, hasira ilimnyang'anya, na kila alipofikia mahali pa kukasirika, alimkumbuka Stanislas akiweka mkono juu ya ule mstari wa nne, na hasira ikamwishia mikononi. Hakuwa amewahi kuona kitu cha kumchosha mtu kama hicho. Alitamani mtu yeyote, hata Marcellin, amwambie tu la kufanya.

Mtu huyo alikuwepo. Jioni ya Ijumaa Mama Cibalonza alimwita karibu, akamshika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, kwa upendo.

"Jumapili, kisha misa, tutakunyoa, mwana wangu. Njo heshima ya mwisho ya muke."

Hapo ndipo Godelive alipoogopa kweli. Mjane asiyenyolewa humwacha mumewe nje mlangoni, anazunguka bila pa kulala. Lakini mke anayenyolewa na mumewe yu hai, huyo amemwita kifo kwa jina, na kifo kikiitwa hakikawii. Bibi yake alimweleza hivyo, na bibi yake hakuwa mtu wa mzaha. Wembe ule ungemzika Stanislas ama ungemwua, na yeye ndiye mwenye kichwa.

"Mama, tungoje karatasi."

"Karatasi? Miye niko mama yake. Niko na haja ya karatasi?"

"Na kama iko muzima?"

Bibi kizee alimtazama kwa huruma iliyomchoma kuliko tusi. "Mwana wangu muzima hawezi kurudisha bulangeti. Atalala na nini?"

Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wamekaa kwenye jua la kwanza, Godelive alitoka na blanketi mkononi, akalitandaza katikati ya mikeka. Sijui alitaka nini hasa. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuwa amekonda kwa siku mbili, kichwa kimejaa nyuki.

"Batu ya Mungu, musikilize. Mufu hafume. Huu mustari sikuufuma miye, na mufu hakuufuma. Hakuna matanga hapa. Mubebe kasiksi yenu, murudi kwenu."

"Godelive!" Mama Cibalonza alisimama kwa shida. "Mwana wangu anakufa, na unamutukana mbele ya batu?"

"Afazali ningemutukana akisikia, Mama."

Akakaa chini, akaugeuza ule mstari, akatafuta mwisho wa uzi. Kazi ya kroshe ina tabia yake: ukipata mwisho, unafungua fundo moja na kuvuta, na kitu chote kinarudi kuwa uzi. Lakini mwisho huu ulikuwa umefungwa mafundo juu ya mafundo, saba kwa jumla, na mtu ambaye haamini kwamba sufu inaweza kukaa ikifungwa mara moja. Fundo la nne lilimkataa, akalitafuna. Kisha akavuta. Kipande cha tisa kikaisha, cha nane kikaisha. Alivuta mbele ya mama mkwe wake, mbele ya Marcellin na rozari yake, na hakuna aliyemshika mkono, maana hakuna aliyejua kama ni uchungu au ni wazimu. Alipofika kile cha pembe tano alikiinua watu wakione. "Hata mraba hajui!" alisema, akacheka kicheko kibaya, akavuta.

Baada ya nusu saa alikuwa na donge la sufu ya manjano kubwa kama kichwa cha mtoto. Blanketi lilibaki na mistari sita. Hakujisikia ameshinda kitu. Watu walianza kuondoka mmojammoja bila kuaga, na Jumapili hakuna aliyeleta wembe. Mama Cibalonza aliingia chumbani mwake, akaacha kusema naye.

Cyprien yule dereva alirudi kutoka Uvira siku ya Jumanne, na kwa sababu dhamiri ilikuwa inamsumbua alipanda hadi nyumbani. Aliona majivu ya moto wa matanga uwanjani. Aliona mitungi iliyobaki.

"Nani alikufa hapa?" aliuliza.

"Stanislas," alisema Mama Cibalonza.

Cyprien alianza kucheka. Alipoona nyuso zao, aliacha.

"Mama, Stanislas niko namuacha kwa kitanda anakula mihogo. Ni muzima! Ni mukono tu."

Ikabidi akalishwe, apewe maji, aanze upya. Jiwe liliteremka wakati wa mvua, miezi minne na nusu iliyopita, likamkuta Stanislas ameweka mkono wa kuume pasipofaa. Alilazwa hospitali. Vidole vitatu vilikatwa.

"Vidole gani?" aliuliza Mama Cibalonza.

Cyprien alionyesha kwake mwenyewe, kuanzia kidole gumba. Bibi kizee alivitazama vidole vya dereva kwa muda mrefu.

"Alitukataza kusema," Cyprien aliendelea. "Anasema habari ya mukono wangu isifike kwa muke wangu na kinywa ya batu. Ataisoma yeye mwenyewe. Mi siko fundi wa kudanganya, Maman Rosalie, njo maana siku ile niliangalia chini."

"Ataisoma wapi?" Godelive aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaanza kumfikia.

"Ndani ya bulangeti. Iko sister moja wa maternité, kule banazalia, alimufundisha kroshe na mukono wa kushoto, juu mukono ujifunze, na yeye asilie kutwa nzima. Hakukuwa sufu ingine, ni ile ya kofia za batoto tu. Manjano. Anafuma, sister anasema: fumua, anza tena. Kipande moja, juma mbili. Sisi tunamucheka, yeye anasema: muke wangu anajua kusoma, ataona ni mukono wangu mupya."

Kipande kimoja, majuma mawili. Vipande tisa. Godelive hakujua kusoma, ila hesabu hiyo aliiweza.

"Na ile kamba?" alisema. "Kukunja mara nne?"

"Ni sisi, batu ya kambi. Lilinuka dawa, tukalifua lakini harufu haikutoka. Tukalikunja." Cyprien alijikuna shingo. "Hatujui namna ingine ya kutuma bulangeti."

Aliongeza kwamba Stanislas ataruhusiwa Ijumaa, na yeye mwenyewe atamleta Jumamosi. Alitoka akitembea kinyumenyume, kwa vile Mama Cibalonza alikuwa ameanza kuimba na kupiga vigelegele, na Godelive alikuwa amekaa sakafuni karibu na donge la manjano, hata salamu ya kuagana hakuiitikia.

Hasira hasara, watu husema, nao husema hivyo hasara ikishaingia. Godelive hakuwa na muda wa methali. Alikuwa na siku tatu za kuurudisha ule mstari kama ulivyokuwa, uzi uleule, na mkono wa kushoto. Jumatano alishika kroshe kwa kushoto na kufuma kipande kama nguo ya kichaa. Alifurahi. Kilikuwa kibovu vya kutosha, aliona, akaanza kingine. Lakini mkono una kichwa chake. Kufika Alhamisi mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshajifunza, na kila alipoulazimisha ukosee ulikosea kwa mpango, pale alipotaka, kiasi alichotaka. Alijaribu kufumba macho. Alijaribu kufuma akizungumza na Martine, naye Martine anajua kumpoteza mtu. Vipande vilitoka vimepinda, ndiyo, ila vimepinda vyote sawa.

Kile cha pembe tano ndicho kilichomliza. Yale machozi aliyoyatafuta Alhamisi ile kwenye matanga yalikuja sasa, bila watu. Alikumbuka alivyokiinua juu na kucheka. Alikifuma mara sita, na mara sita kikatoka nyota nzuri, ya kuwekwa juu ya kiti cha padri.

Mama Cibalonza, ambaye alikuwa amerudi kusema naye, alikichukua akakigeuza.

"Inazidi kuwa muzuri," alisema.

"Njo taabu yenyewe, Mama."

"Wanaume hawaangalie vitu kama hivi."

"Huyu anaangalia na vidole."

Bibi kizee alivuta mkeka. Alikaa karibu naye, akamshikia donge la uzi lisibingirike, mpaka kipande cha tisa kikaungwa mahali pake. Godelive aliweka na yale mafundo saba mwishoni.

Stanislas alifika Jumamosi mchana, akipanda njia ya mlima pole pole, mkono wa kuume umefungwa kitambaa na kuingizwa ndani ya koti. Alikuwa amekonda. Majirani waliokunywa kasiksi ya matanga yake walimsalimia wakitazama pembeni, na yeye alicheka mpaka akakohoa. "Munakunywa miye muzima, hata glasi moja hamuniachie!" Mama yake alimshika uso, akamshika masikio, kisha akaomba auone mkono. Aliufungua. Mama yake akaubusu pale vidole vilipokuwa, akaenda jikoni akakaa huko peke yake kidogo.

Wakabaki wawili.

"Ulisoma?" Stanislas aliuliza. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Nilisoma," alisema Godelive.

Akamletea blanketi, akamtandazia mapajani. Mkono wa kushoto wa Stanislas ulianza safari yake. Ulipita kwanza mstari wa nne, ukagusa manjano na nyeupe, ukasimama hapo, ukaendelea. Ulifika mstari wa saba. Kipande cha kwanza. Cha pili. Ulipofika cha tatu ulipita pembe zake moja moja, hadi ya tano, ukarudi. Hakuwa ameangalia chini hata mara moja.

"Hii iko na pembe tano," alisema, "lakini haiko ile."

Godelive alikuwa ameandaa uongo mzuri kwa ajili ya saa hiyo, uongo wa maji ya kufulia na sufu kunywea. Haukutoka. Alimweleza yote tangu kamba ya mgomba, wembe wa Jumapili, sabuni, mpaka mafundo aliyoyatafuna na kicheko chake mbele ya watu. Stanislas alisikiliza. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ile nyota.

"Wakati ulisoma, ulisoma nini?"

"Nilisoma mwanamuke."

Kuku aliingia, akazunguka chumbani, akatoka.

"Miezi mine," Stanislas alisema, "sister ananiambia: fumua, anza tena. Fumua, anza tena. Siku niliunga ile ya tisa nilifikiri, sasa hakuna mutu atafumua tena."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo sababu Godelive hakuweza kuinua uso. Aliivuta ncha ya blanketi kwake. Alikata yale mafundo saba aliyoyaiga na kuanza kuvuta, na Stanislas hakumzuia. Vipande vyake vilikubali upesi, kwa vile vilikuwa vimefumwa vizuri. Uzi ulipokwisha alimwekea donge mapajani, na kroshe juu yake.

"Nifundishe ile ya pembe tano," alisema. "Onyesha namna uliifanya."

"Sijui namna niliifanya, Maman Rosalie." Alikuwa anaangalia mkono wake. "Ilikuwa kosa."

Hata hivyo aliichukua kroshe. Aliupitisha uzi kati ya vidole viwili vilivyobaki upande wa kuume, akaubana na goti, akaanza kutafuta kitanzi cha kwanza. Uzi ukamponyoka. Akaurudia. Ukamponyoka tena, donge likabingirika chini ya kitanda, akalivuta polepole mpaka likarudi. Mikono ya Godelive ilikuwa inawasha, ilitaka kwenda kumsaidia, naye akaikalia.